Chuo, klabu, mwalimu wa nyumbani au simu: mtu mzima aanzie wapi kujifunza muziki Zanzibar?

Wanaoniuliza swali hili wengi wana kazi, wana watoto, na wana hamu waliyokaa nayo tangu utotoni: kupiga udi, kushika fidla, au kukaa mbele ya kinanda na kusoma nota kama mtu anavyosoma gazeti. Nia wanayo. Wanapokwama ni pa kuanzia, kwa sababu hapa kwetu njia zilizo wazi ni nne na kila aliyepita moja huisifu hiyo hiyo. Aliyesoma chuoni atakwambia bila nota hujui kitu. Aliyekulia klabu atakwambia nota zinaikausha taarab. Anayejifunza kwenye simu atakuuliza mwalimu wa nini siku hizi, na kila kitu kipo mkononi.

Wote wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ushauri wao unachanganya. Nakuwekea njia hizo nne mbele yako, uzipime kwa maisha yako wewe.

Kuhusu umri, usihangaike. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi, na aliporudi ndipo muziki wa taarab ukaota mizizi Unguja. Yaani taarab yetu yenyewe ina mtu aliyetumwa kwenda kusoma. Ni kweli vidole vya mtu mzima ni vizito kuliko vya mtoto. Lakini mtu mzima akielezwa jambo analielewa upesi, anajua kwa nini yupo pale, na hakuna aliyemlazimisha kuja. Kinachomshinda mara nyingi ni muda, na haya ya kukosea mbele ya watu wanaomheshimu.

Tunapima nini

Kipimo cha kwanza ni nota na sikio. Hivi ni vipaji viwili, na mtu anaweza kuwa na kimoja bila ya chengine. Kusoma nota ni kujua mambo mawili kwa wakati mmoja: sauti iko juu kiasi gani na ikae muda gani. Nukta ikipanda kwenye ile mistari mitano ya karatasi ya nota, sauti inapanda. Umbo la nukta linakwambia urefu: nota nzima ni mapigo manne, nusu ni mawili, robo ni moja. Mtu mzima anaelewa hayo siku ya kwanza. Kuyapeleka mikononi bila kusimama ndiko kunakochukua miezi, na kwa wengine miaka. Kupiga kwa sikio ni kusikia melodi ukaipata kwenye ala, ukajua imekaa kwenye maqam gani, yaani mpangilio gani wa sauti za muziki wa Kiarabu, na itageukia wapi. Kwa taarab, hiki cha pili hakikwepeki.

Cha pili ni muda, na hapa nazungumzia muda ulionao kweli, si ule unaotamani kuwa nao. Robo saa kila siku inamfikisha mtu mbali kuliko saa tatu za Jumapili, kwa sababu mkono hujifunza kwa kurudiarudia na kulala juu yake.

Cha tatu ni pesa na ala: ada, nauli, ala yenyewe, nyuzi za kubadilisha, bando.

Cha nne ni anayekusahihisha. Mimi naona hiki ndicho watu wanakidharau kuliko vyote. Kosa la kushika upinde wa fidla vibaya likikaa miezi sita, kulitoa ni kazi kuliko kuanza upya.

Kuna na hali ya nyumbani. Kuna nyumba zetu ambazo ala za nyuzi hazikaribishwi kwa sababu ya dini, na wenye msimamo huo wana haki ya kuheshimiwa. Zungumza na watu wako kabla hujalipa ada. Penye msimamo huo, dufu na kasida ni mlango halali wa kujifunza mapigo, sauti na nidhamu ya kwenda pamoja na wenzako, na anayeingia hapo hajifunzi kitu kidogo.

Chuo

Dhow Countries Music Academy, DCMA kwa ufupi, ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Inafundisha ala za taarab na ngoma za asili pamoja na ala za kizungu, na mlango wake uko wazi kwa watu wazima.

*Nota na sikio.* Hapa nota hufundishwa kwa mpango, hatua kwa hatua: mistari mitano, ufunguo wa sol, skeli ya do (do, re, mi, fa, sol, la, ti), kisha mapigo. Mwalimu anapiga makofi, unayarudisha; anaandika alichopiga, unasoma; anafuta, unaandika wewe. Faida yake ni kubwa. Ukishajua kusoma, karatasi iliyoandikwa Cairo au London unaiweka mbele yako na unaanza kazi, na mgeni aliyekuja na fidla yake mnaweza kupiga pamoja jioni hiyo hiyo. Mpaka wake ni kwamba karatasi haibebi kila kitu. Maqam ya Rast, kwa mfano, ina mi na ti zilizoshushwa kidogo, kiasi cha robo toni. Huandikwa kwa alama ya flati, ile ya kushusha sauti, iliyokatwa mstari. Alama ni moja, lakini ishuke kiasi gani hasa, hilo unalipata kwa kumsikiliza anayejua.

Hapa niwaonye watu wazima jambo moja ninaloliona sana. Wanaandika do, re, mi kwa penseli chini ya kila nota. Wiki ya kwanza si vibaya. Ukiendelea nayo, jicho linasoma yale maneno na nukta haliitazami tena, na siku ukipewa karatasi safi huwezi kupiga hata mstari mmoja. Futa mapema. Bakisha moja tu mwanzoni mwa kila mstari, nyengine uzihesabu kwa kupanda na kushuka kutoka hapo.

*Muda.* Kuna ratiba na lazima uifuate. Kwa mfanyakazi wa ofisi za mjini inawezekana akitoka kazini. Kwa anayefanya zamu hotelini Nungwi au Paje ni shida: zamu inabadilika kila wiki, na daladala ya kuja mjini na kurudi inakula nusu ya siku. Nimewaona watu wenye vipaji wakiacha kwa sababu hiyo tu.

*Pesa na ala.* Kuna ada, na kuna kozi za urefu tofauti, kwa hiyo uliza ada ya mgeni na ya mwenyeji, na uliza kama utaruhusiwa kufanyia mazoezi ala za chuo. Hilo la pili ni muhimu: linakuwezesha kujaribu udi na fidla kabla hujatumia akiba yako. Chuo kimepita katika dhiki. Mwaka 2019 habari zilienea hadi nje kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Nenda mwenyewe, thibitisha ratiba ya msimu huo na mwalimu wa ala unayoitaka yupo.

*Anayekusahihisha.* Mwalimu wa ala yako, uso kwa uso, na wanafunzi wenzako mnaosikilizana.

*Inamfaa nani.* Anayetaka msingi wa nota usioyumba, anayekaa mjini au karibu, na anayesonga vizuri akiwa na ratiba na mtihani mbele yake. Pia mwanamke anayetaka kupiga ala na hajui aanzie wapi. Nitarudi kwenye hilo.

Klabu ya taarab

Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na mpaka leo wengi huiita Malindi. Culture Musical Club ni ya mwaka 1958, na maskani yake ni Vuga. Hizi mbili ndizo nyumba kuu za taarab asilia Unguja.

*Nota na sikio.* Klabu sikio ndilo linalotawala. Wapo wanachama wanaosoma nota, na wameongezeka tangu chuo kifunguliwe, lakini nyimbo nyingi bado hupokewa kwa kukaa karibu na aliyezijua. Mtu wa kukaririshwa skuli, akizoea kwamba kila jibu lipo kitabuni, hapa huhangaika kidogo mwanzoni.

Mtu mmoja wa makamo, fidla begani, alikuja mazoezini na karatasi yake ameiandika vizuri nyumbani. Walipofika pahala fulani, alikuwa anapiga sahihi kabisa na bado ilisikika imekauka. Mzee aliyekaa pembeni yake akashusha upinde.

"Mwanangu, wacha karatasi kidogo. Nifuate mimi."

"Maalim, lakini hapa ni fa, kisha mi."

"Ndiyo, ni fa kisha mi. Nifuate."

Akapiga nota zile zile, pole pole. Mara ya kwanza aliiteleza fa kuingia mi bila kunyanyua kidole. Mara ya pili akaitikisa kidogo kabla ya kutua. Mara ya tatu akachelewa, akamwacha mwimbaji atangulie, kisha akamfuata. Karatasi ilikuwa ile ile mara zote tatu. Hayo ndiyo klabu inayoyafundisha, na sijui pahala pengine hapa visiwani yanapofundishwa hivyo.

Ipo na bashraf, kipande cha ala tupu kinachofungua shughuli, ambacho asili yake ni Uturuki na kimetufikia kupitia Misri. Kina sehemu zinazobadilika na sehemu moja inayorudi baada ya kila badiliko. Kwa anayejifunza ni hazina: ile sehemu inayorudi unaipiga mara nyingi ndani ya kipande kimoja, na kila ikirudi unaingia na uhakika zaidi. Anayeanza aikamate hiyo kwanza, zile nyengine asikilize.

*Muda.* Mazoezi kwa kawaida ni jioni au usiku, watu wakishatoka kazini. Hakuna anayekuandikia mahudhurio, lakini asiyeonekana husahaulika. Na kipindi cha Idd, au kukiwa na harusi kubwa, klabu ina kazi. Mwanafunzi atakaa asikilize tu, na kusikiliza huko nako ni somo.

*Pesa na ala.* Kwa kawaida si pa kulipa ada ya masomo, ila kila klabu ina utaratibu wake wa uanachama, na viongozi ndio wa kuulizwa. Ala za klabu ni za kazi ya klabu. Ukija na fidla yako mwenyewe unapokelewa kwa urahisi kuliko ukija unatazamia kupewa udi wa watu. Wengine huanzia kwenye rika (tari ndogo) au dumbak (ngoma ndogo ya mkono), wakajua mapigo ya nyimbo kabla ya kugusa melodi, na mimi naiona njia hiyo ina busara nyingi.

*Anayekusahihisha.* Kila mtu, na mara nyingi kwa jicho tu. Adabu ni sehemu ya kujifunza: wahi mapema, waamkie wazee mmoja mmoja, saidia kupanga viti, usiguse ala ya mtu bila kuombwa, usipige mwimbaji anapoelekezwa. Anayeshika haya hufunguliwa mambo ambayo mwengine hataambiwa hata akilipa.

*Inamfaa nani.* Anayetaka taarab yenyewe, ambaye sikio lake liko hai na haoni vibaya kukaa nyuma kwa muda mrefu. Anayetaka kusoma nota kwa haraka, hapa atachelewa.

Sasa lile la wanawake. Kwa muda mrefu klabu ilikuwa na mgawanyo wake: wanawake waimbe, wanaume washike ala. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake, na ala nyuma yake walishika wanaume. Hali imebadilika. Chuo kimetoa wasichana wapiga udi, kanuni na fidla, na Bi Mariam Hamdani aliasisi Tausi, kikundi cha taarab cha wanawake watupu wanaoimba na kupiga ala wenyewe. Kwa hiyo dada unayesoma hapa, ukiambiwa udi si wa mwanamke, jua anayekwambia amechelewa habari. Ninachokushauri ni kutafuta kwanza mahali ambapo tayari kuna mwanamke mmoja ameshika ala. Utaokoa nguvu nyingi.

Mwalimu wa nyumbani

*Nota na sikio.* Inategemea mwalimu moja kwa moja. Kuna wapigaji hodari sana ambao hawawezi kueleza wanachofanya, na kuna wahitimu wanaosoma nota bila kigugumizi ambao hawajawahi kuongoza wimbo mbele za watu. Kabla ya kukubaliana, mwombe mambo mawili: akupigie kipande chochote anachokipenda, kisha akufundishe mstari mmoja mfupi hapo hapo. Ukiondoka umeushika mstari ule, umepata mwalimu.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inazishinda nyengine zote. Mnapanga nyinyi wawili. Alasiri baada ya kazi, asubuhi ya siku yako ya mapumziko, au zamu ikibadilika somo nalo linahama.

*Pesa na ala.* Kwa kila saa unalipa zaidi kuliko chuoni. Kubalianeni mapema juu ya malipo kwa somo au kwa mwezi, nauli ni ya nani, na likiahirishwa dakika za mwisho inakuwaje. Watu wengi huona haya kuzungumza pesa na mwalimu, kisha kutoelewana kunaingia na masomo yanakufa. Ala ni lazima uwe nayo, kwa sababu siku zilizobaki za wiki ndizo siku za kujifunza hasa.

*Anayekusahihisha.* Macho mawili kwako peke yako. Lakini kuna jambo moja la kwetu hapa. Mwalimu wako anaweza kuwa kijana aliyehitimu karibuni, umri wa mwanao. Atakuamkia shikamoo akiingia, na kwa heshima hiyo hiyo ataona vigumu kukusimamisha ukikosea. Atasema "vizuri, vizuri" na wewe utabaki na makosa yako. Mfungulie mlango siku ya kwanza: "Mwalimu, nje mimi mkubwa wako, hapa mimi mwanafunzi. Nikikosea nisimamishe, wala usinionee haya." Ukishasema hivyo, na ukamwita mwalimu mbele ya watu wa nyumbani, kazi inakwenda.

*Inamfaa nani.* Mwenye ratiba isiyotabirika. Mama mwenye watoto wadogo, ambaye somo linaweza kuwa barazani watu wote wapo. Mwenye haya ya kukosea mbele ya kundi. Na mkaazi wa Pemba, ambaye chuo na vilabu vikubwa viko ng'ambo ya maji. Upungufu wake ni upweke. Unaweza kusoma mwaka mzima ukapiga vizuri chumbani, kisha siku ya kwanza na wenzako ukashindwa hata kuingia kwenye pigo.

Simu

*Nota na sikio.* Kwa kusoma nota, simu inasaidia kuliko watu wa zamani wanavyokubali. Ziko programu zinazokuonesha nukta na kukuuliza jina lake, na dakika kumi kwenye foleni au ndani ya boti ya Pemba zinatosha kufanya zoezi. MuseScore ni programu ya bure ya kompyuta: unaandika nota, inakupigia ulichoandika, na kosa la mapigo unalisikia mwenyewe. Karatasi za muziki wa zamani usio na haki miliki zipo bure kwa maelfu kwenye IMSLP. Na video yoyote ya YouTube unaweza kuipunguza mwendo hadi nusu, ukafuata mkono wa mpigaji bila kumsumbua.

Ila angalia unachochagua. Zile video za taa zinazoanguka juu ya vibao vya kinanda zinamfundisha mtu kubonyeza, na kusoma hazimfundishi. Taa zikizimwa anabaki hana kitu. Na masomo mengi ya kinanda mtandaoni yanahusu muziki wa kizungu. Maqam ya Nahawand utaipata kwenye kinanda cha kawaida, Hijaz pia utaipata: ukianza na re, unapiga mi flati, fa shapu, sol. Lakini Rast na Bayati zina zile robo toni, na hakuna kibao chake. Kuna vinanda vya umeme vyenye sehemu ya kurekebisha sauti hizo; ukinunua ukiwa na taarab kichwani, uliza hilo dukani.

*Muda.* Wakati wowote, na hiyo ndiyo hatari yake. Cha wakati wowote huahirishwa hadi kesho.

*Pesa na ala.* Rahisi kuliko zote, bando tu. Pakua video mahali penye Wi-Fi, uzitumie nyumbani.

*Anayekusahihisha.* Hakuna. Programu inajua kama umepiga nota sahihi kwa wakati, lakini haioni bega lililopanda wala kifundo cha mkono kilichokunjika. Ujirekodi kwa kamera ya simu hiyo hiyo mara moja kwa wiki, kisha utazame na mtu anayejua, hata kama ni dakika chache barazani.

*Inamfaa nani.* Mwenye nidhamu, aliye mbali na mjini, au anayetaka kujua kama hamu yake ni ya kudumu kabla ya kutoa pesa. Kwa kinanda na gita inakwenda mbali. Kwa fidla na udi, ambavyo shingo yake haina alama wala vizuizi vya kuonesha kidole kikae wapi, peke yake haitoshi.

Kwaya, kwa ufupi

Kwa Wakristo ipo kwaya, kwenye makanisa ya Mkunazini na Minara Miwili. Mkono wenyewe hautajifunza ala, lakini utajifunza kuimba sauti yako bila kuvutwa na ya jirani, na hilo halina bei. Tahadhari ni moja. Kwaya nyingi za Tanzania hutumia solfa ya herufi, mfumo uliokuzwa na John Curwen Uingereza karne ya 19, ambamo do huhama kufuatana na kii, yaani sauti ya msingi, ya wimbo. Kwenye stafu, ile mistari mitano, kama inavyosomwa na wapigaji wa ala za Kiarabu, do imekaa pahala pake haihami. Anayetoka kwaya kwenda ala ajue hivyo tangu mwanzo, ataepuka kuchanganyikiwa.

Ala nayo inaamua njia

Kinanda ndicho kinachompokea anayeanza kwa upole: ukibonyeza, sauti inatoka sawa siku ya kwanza, na nota za karatasi zimepangwa mbele yako kwa mstari. Vibao 61 vinatosha. Chukua kinachokubali betri, umeme wetu unajulikana. Akodioni mkono wa kulia ni vibao vile vile, lakini ni nzito na mkono wa kushoto una kazi yake ya vitufe.

Gita ni rahisi kwa kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) na kuimbia, ila kwa kusoma nota ni ngumu kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu nota moja hupatikana pahala pengi kwenye shingo na karatasi haikwambii upi. Fidla ina nyuzi nne tu, na wiki zake za mwanzo ndizo zinazokatisha tamaa. Udi kwa kawaida una nyuzi kumi na moja, jozi tano na mmoja wa besi peke yake, na anayeanza hutumia muda mwingi kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi, kuliko kupiga. Ni kawaida, na sikio linajifunza hapo hapo. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti. Kwa kujifunza nyumbani peke yako, usianze nayo.

Hewa yetu ya chumvi inakula nyuzi za chuma, na unyevu wa masika unafungua gundi ya udi na fidla. Pangusa nyuzi kila ukimaliza, hifadhi ala ndani ya begi lake, usiiegemeze ukuta wenye unyevu, usiisahau ndani ya gari juani.

Kwa hali yako

Kama uko mjini, una jioni mbili za uhakika kwa wiki na unataka kusoma nota barabara, anza chuoni, na baada ya muda omba ruhusa ya kukaa kwenye mazoezi ya klabu usikilize. Wengi wanaopiga taarab vizuri leo wamepita pande zote mbili.

Kama unachotaka ni taarab na nota hazikuumizi kichwa, nenda klabu moja kwa moja. Jifunze kusoma pole pole kwenye simu, mstari mmoja kwa siku, ili usije ukakosa nafasi siku bashraf mpya itakapoletwa na karatasi.

Ukiwa Nungwi, Paje au Makunduchi na kazi ya zamu, mwalimu anayeweza kukufuata au kukupokea siku yako ya mapumziko, pamoja na simu siku zilizobaki. Usijiandikishe kwenye kozi ambayo unajua utaikosa nusu yake.

Ukiwa Chake Chake, Wete au Mkoani, vivyo hivyo, ila tafuta na wenzako wawili watatu wa kupiga nao tangu mapema. Hata mmoja wa dumbak anatosha kukufunza kuingia kwenye pigo. Ukija Unguja kwa shughuli zako, pangilia somo moja na mpigaji mzoefu akutazame mikono, na urudi na orodha ya vya kurekebisha.

Kama pesa ni ngumu kwa sasa, anza na simu na mapigo: piga makofi, hesabu, taja nota kwa sauti. Ala ya kuazima kwa mwezi ni bora kuliko ala mbovu ya kununua, ambayo haikai kwenye tyuni na itakufanya udhani mwenye kasoro ni wewe.

Kama umri umekwenda na vidole vinauma, kinanda kinakubali mguso mwepesi. Piga vipindi vifupi, pumzika, usishindane na aliyekaa jirani yako.

Na kama Ramadhani iko karibu, usianze kwa kutafuta klabu, kwa sababu mwezi huo taarab hunyamaza. Utumie kwa karatasi: tambua nukta, andika mapigo, soma kimya. Idd ikifika vikundi vinapanda jukwaani. Nenda ukasikilize, ukae upande wa ala unayoitaka, na shughuli ikiisha umuulize kiongozi wao mazoezi yanaanza tena siku gani.